Mhakiki Aandikiwa Barua ya Kujieleza

Kufungua kikao

Nchi yetu haina kitu bandia hata kimoja. Nalisema hili bila wasiwasi, kwa sababu nimekaa miaka ishirini na miwili katika Wizara ya Uhakika na Mihuri, na kwa muda wote huo Kamati ya Uhakiki haijawahi kukataa chochote. Imehakiki vyeti, mbolea, daraja moja ambalo lilikuwa bado halijajengwa, na tembo wawili wa hifadhi ambao hawakuweza kufika kikaoni lakini walituma picha. Vyote vilikutwa ni halali. Nasikia nchi za jirani hukamata vitu bandia kila mwezi, na mimi huwahurumia.

Jina langu ni Nasibu Kalembo, Mwandishi wa Mihtasari Daraja la Pili. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa kwenye vikao, kisha kutia sahihi chini. Msiidharau kazi hiyo. Kwa sheria yetu, jambo ambalo halimo kwenye muhtasari wenye sahihi yangu halikutokea, na lililomo limetokea, hata kama siku hiyo wizara nzima ilikuwa likizo. Mvua za mwaka juzi, kwa mfano, nilizisahau. Wakulima walipata tabu sana kueleza mahindi yao yametoka wapi.

Nieleze na jambo langu binafsi mapema, maana litakuja kuhusika. Nilikuwa na uvimbe tumboni. Daktari aliubonyeza, akauliza nimekaa nao muda gani, akaniambia nipasuliwe Alhamisi ile na isipite hapo, kwa kuwa ulikuwa umeanza kuvuja damu ndani. Akasema nitahitaji kuongezwa mifuko miwili ya damu. Damu yangu ni kundi O. Nalijua hilo tangu nina miaka kumi na tisa, nilipoanguka na baiskeli nikapasuka paja. Wakati ule mganga alinifundisha kwamba mwenye O hupokea O peke yake. Akiwekewa nyingine, mwili unaweza kugoma na mtu akafa kitandani huku ameshikwa mkono.

Zamani wauguzi walikuwa wakimpima mgonjwa papo hapo. Walikuwa na kigae cheupe, wanadondosha damu, wanaweka dawa, wanaangalia inavyoganda. Kisha Serikali ikaleta seva, kompyuta kubwa iliyokaa wizarani kwetu ikiwa na daftari la majina ya wananchi na makundi yao ya damu. Waraka Namba Sita ukapiga marufuku vigae. Kumpima tena mtu ambaye seva imekwisha kumjua, ulisema Waraka, ni kuidharau Serikali mbele ya mgonjwa.

Kifurushi

Seva ilizeeka, ikaanza kusahau. Dokta Mwanaisha Pembe, mkuu wa Maabara ya Damu kule Mlimboga, akatengeneza programu mpya pamoja na daftari lililosafishwa, akafunga vyote katika kifurushi kimoja, akakiweka kwenye flashi na kukituma kwetu. Kwa kawaida yetu, kila mgeni anayeingia wizarani hupita kwanza Ofisi ya Itifaki. Kifurushi nacho kilipita. Kilikaa huko siku tisa, kikatoka ndani ya bahasha nzuri yenye mihuri kumi na moja na sahihi kumi na moja za wino.

Fundi wa seva alikuwa Bi Tunu Mwakibete, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliniita chumbani kwake Jumatatu asubuhi.

"Shikamoo, Mzee Kalembo."

"Marahaba. Kwema?"

"Kwema. Nakiingiza kifurushi cha damu. Nataka shahidi wakati nakihakiki."

Nikamwambia kilikwisha kuhakikiwa, nikamwonyesha mihuri. Akaniambia hiyo ni mihuri ya bahasha.

"Dokta akimaliza kutengeneza kifurushi," akasema, "mashine yake inasoma kila herufi iliyomo, halafu inatoa sahihi yake. Si ya wino. Akitokea mtu akageuza hata nukta moja, ile sahihi haikubali tena. Huku kwangu nina ufunguo wa kuhakikia, na programu inayofanya kazi hiyo inaitwa Mhakiki."

"Na ufunguo huo umejuaje kama ni wa Dokta?"

Aliniangalia kwa furaha kidogo, nadhani kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. "Nilimpigia simu. Akanisomea alama za ufunguo wake, arobaini, moja moja, mimi nafuata na kalamu. Mbili nilimwomba arudie."

Akaandika amri, akabonyeza. Mhakiki hakuchukua muda. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba sahihi hailingani, kwamba kifurushi kimebadilishwa baada ya kutiwa sahihi, na kwamba kisisakinishwe kwenye seva.

Nilitafuta pa kukaa. Miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuliona neno "hailingani" ndani ya jengo lile.

"Kuna mtu amekifungua njiani," akasema Bi Tunu.

"Nani?"

"Hilo Mhakiki hajui. Wala hajui kimebadilishwa nini. Anajua tu kwamba hiki sicho alichokifunga Dokta. Kwangu inatosha."

Akampigia Dokta Pembe, wakasomeana alama tena, Dokta akasema kifurushi chake halisi anacho mezani na anaweza kukituma saa hiyo hiyo. Lakini chochote kinachotumwa lazima kipite Itifaki, na uzinduzi ulikuwa Jumatano. Mahema yalikwisha kufungwa. Fulana zilikwisha kuchapwa, mbele picha ya Waziri, nyuma tone la damu linalotabasamu.

Kikao cha dharura

Kamati ilikutana mchana ule ule. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kassian Ndimbo, ni mtu mwenye sauti nzito na subira nyingi kwa maneno yake mwenyewe. Alifungua kikao kwa kusema itifaki imezingatiwa. Akasema taifa liko njia panda. Akasema damu ni uhai, uhai ni maendeleo, na maendeleo hayasubiri. Kisha akasimama kidogo ili niyaandike hayo vizuri, nami nikayaandika.

"Bi Tunu," akasema alipomaliza, "kifurushi hiki kina mihuri?"

"Kumi na moja, Mheshimiwa."

"Kina sahihi?"

"Za wino kumi na moja. Ya Dokta haikubali."

"Na anayesema haikubali ni nani?"

"Mhakiki."

"Ana cheo gani?"

"Hana cheo, Mheshimiwa. Ni programu."

"Amekaa kazini muda gani?"

"Miaka mitatu."

Mwenyekiti akageukia wajumbe. Akaomba kila aliyetia sahihi bahasha ataje miaka yake ya utumishi. Nilijumlisha, ikatoka mia mbili na arobaini na nne. Mjumbe mmoja akatoa machozi kidogo alipoisikia. Basi suala likawa limejieleza: upande mmoja miaka mia mbili na arobaini na nne ya utumishi uliotukuka, upande wa pili mtumishi wa miaka mitatu, asiye na cheo, anayewaita wakubwa wake waongo kwa herufi kubwa.

"Naomba niseme kitu kimoja," akasema Bi Tunu. "Hakusema mtu ni mwongo. Alisema kifurushi kimefunguliwa. Tumuulize aliyekifungua."

"Unaituhumu Ofisi ya Itifaki?"

"Nauliza tu."

"Andika kwamba ametuhumu," Mwenyekiti akaniambia, nami nikaandika.

Ikaamuliwa kwamba Serikali yetu ni ya haki na haimwonei mtu. Mhakiki aandikiwe barua ya kujieleza, aonyeshe sababu kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu, na ajibu ndani ya saa ishirini na nne. Niliichapa barua mwenyewe. Niliibandika kwenye kioo cha kompyuta yake, na kwa kuwa hatukuwa na hakika kama amesoma, Mwenyekiti aliniamuru nisimame mbele yake nimsomee kwa sauti. Nilisoma mara mbili. Ya pili niliisoma polepole.

Jumanne tulirudi. Mhakiki hakuwa amejibu. Mjumbe mwenye huruma akapendekeza aulizwe kwa mdomo, huenda hajui kuandika barua. Bi Tunu akabonyeza amri ile ile, na Mhakiki akarudia maneno yale yale, neno kwa neno, bila hata kuongeza "samahani". Kamati iliona huo ni ukaidi wa wazi. Akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na tume ya watu saba ikaundwa kuchunguza tabia yake na kampani anayotembea nayo.

Ikabaki kukisakinisha kifurushi. Bi Tunu alieleza kwamba ipo amri ya kuiambia seva ipokee kitu bila kukihakiki, lakini yeye hawezi kuiandika.

"Huijui?"

"Naijua. Siwezi kuiandika kwa mkono wangu."

Naye akapewa likizo, ya kupisha uchunguzi wa yule aliyepisha uchunguzi. Mwenyekiti akaonyeshwa pa kubonyeza, akavaa miwani, akabonyeza kwa kidole cha shahada huku wapiga picha wakimwomba arudie. Mimi nikaandika: Kamati imehakiki kifurushi na kujiridhisha. Nikatia sahihi. Nikiri kwamba mkono ulikuwa mzito kidogo. Nilidhani ni joto.

Bi Tunu alinikuta kwenye korido akiwa amebeba kikombe chake, kalenda na feni ndogo.

"Mzee Kalembo, si unapasuliwa Alhamisi?"

"Alhamisi, ndiyo."

"Na umeweka sahihi."

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Alihamisha feni mkono wa pili, akashuka ngazi.

Uzinduzi

Jumatano ilifana sana. Ngoma tatu, mashairi mawili ya kumsifu Waziri na moja la kuisifu seva. Waziri alikata utepe, kioo kikubwa kikawaka, na mbele ya umma ikatokea picha yake ikifuatwa na salamu zake kwa wagonjwa, kurasa kumi na moja. Muuguzi anayetafuta damu ya mtu, tulielezwa, atazisoma kwanza mpaka mwisho, ndipo jina la mgonjwa lifunguke. Watu walipiga makofi kila ukurasa ulipogeuka. Kwenye ukurasa wa nane walianza kuchoka lakini hawakuacha.

Kisha likaonyeshwa daftari lenyewe. La kwanza lilikuwa jina la Mkuu wa Nchi, ambalo kwa heshima lilifunikwa. La pili Waziri, kundi A. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana A ndiyo herufi ya kwanza na hakutegemea pungufu ya hapo. La tatu Naibu wake, kundi O, na Naibu akawanong'oneza wasaidizi wake kuuliza kama suala hilo linaweza kuangaliwa upya.

Pembeni yangu alisimama Bwana Faraji Mlekwa, Mkuu wa Ofisi ya Itifaki, amevaa suti, anatoka jasho la furaha.

"Umeionaje?" akaniuliza.

"Imependeza. Salamu zile ni kazi yenu?"

"Salamu zilikuwa jambo dogo. Kazi ilikuwa daftari." Akanivuta karibu. "Wale watu wa maabara hawana adabu, Mzee Kalembo. Wameleta majina yamepangwa kwa alfabeti. Unajua nani alikuwa namba moja? Abasi Chongwe, mpishi wa gereza. Waziri nimemkuta namba elfu sita mia tatu na ushee, katikati ya kinyozi na marehemu."

"Ukafanyaje?"

"Nikafungua kifurushi nikayapanga upya kwa vyeo. Mkuu wa Nchi, Waziri, Naibu, mpaka chini kabisa. Siku nane, jina moja moja. Wewe nimekupandisha, upo juu ya madereva wote."

Nilimshukuru. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, na zile herufi za damu zilizoandikwa pembeni ya majina alizihamishaje.

"Zile sikuzigusa," akasema Bwana Faraji, na akaweka mkono kifuani. "Ziko pale pale zilipokuwa. Mimi ni mtu wa itifaki, mambo ya kitaalamu siyaingilii."

Nilimshukuru tena, nikaenda zangu kwenye meza ya vinywaji. Nilikuwa nimekwisha kufungua soda ndipo nikaelewa. Majina yamehama, damu imebaki. Mkuu wa Nchi amekaa kwenye damu ya mpishi. Mimi nimekaa juu ya madereva, kwenye damu ya mtu nisiyemjua. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulieleza: niliogopa, nikaiacha soda pale mezani.

Nilimfuata Mwenyekiti nikamnong'oneza yote. Alisikiliza huku akiendelea kupiga makofi.

"Jambo hilo limo kwenye muhtasari?" akauliza.

"Halimo, Mheshimiwa."

"Basi tusivuruge sherehe."

Alhamisi

Saa mbili asubuhi nililazwa kwenye kitanda cha magurudumu katika Hospitali Kuu. Muuguzi aliyenipokea alikuwa Sista Anjelista, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye mikono mikavu na macho yaliyoona mengi. Alikaa mbele ya kompyuta ya wodi akasoma salamu za Waziri, kurasa kumi na moja, midomo ikimchezacheza. Kisha akaandika jina langu.

"Kundi AB," akasema, akatundika mifuko miwili.

"Sista, mimi ni O."

"Hapa inasema AB, baba."

"Nilianguka na baiskeli nikiwa na miaka kumi na tisa. Wakanipima. Ni O."

Alinitazama, akaitazama mifuko. Naye ni lazima alikuwa na mashaka yake, kwa sababu aliufunga mlango kabla ya kujibu.

"Kigae changu ninacho," akasema kwa sauti ya chini. "Kipo kabatini chini ya mashuka. Nikipata kukupima, dakika tano tunajua. Ila nikipima bila sababu ya kisheria nafukuzwa leo leo, na nina watu kumi na wawili nyuma yako wanaosubiri damu kutoka kwenye hiki kioo. Nikiondoka mimi, wao watawekewa na nani?"

"Sababu ya kisheria ni ipi?"

"Ipo moja tu." Akachomoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa nakala ya muhtasari. "Hapa pameandikwa Kamati imehakiki na kujiridhisha. Waraka unasema karatasi hii ikiwa nzima, sipimi. Kifungu cha kumi na nne kinasema nitapima endapo tu mwenye sahihi ataikana sahihi yake." Akanisogezea. "Sahihi hii ni ya nani?"

Kifungu cha kumi na nne nilikiandika mimi. Nakumbuka kikao chenyewe. Wajumbe walicheka, wakasema tukiweke tu kijazie ukurasa, nani ataikana sahihi yake.

Niliitazama. K yangu ina mkia mrefu unaozunguka jina lote na kurudi kulifunga, nilijifundisha nikiwa kijana kwenye karatasi za mkate. Sikuwa na mali nyingine niliyoipenda namna ile. Ilikuwa sahihi halisi, ya mkono wangu, isiyo na kasoro, na kilichoandikwa juu yake kilikuwa kitu ambacho mimi mwenyewe nilijua si kweli. Mhakiki, yule mtumishi wa miaka mitatu, alilisema jambo hilo Jumatatu bila kutafuta pa kukaa.

"Si yangu," nikasema.

"Sema tena, baba. Lazima niandike."

"Si yangu. Sahihi hii ni bandia."

Sista Anjelista aliandika, akaangalia saa akaandika na saa, kisha akafungua kabati akanyanyua mashuka. Alinitoboa kidole. Alidondosha damu mahali pawili, akatia dawa, akainamisha kigae huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Haikuganda popote. Ilikuwa O. Akaishusha mifuko ya AB, akaenda kuleta mingine, na hiyo nayo akaipima kabla ya kuitundika. Nililia kidogo, na yeye akajifanya anatafuta plasta.

Kwa kuwa karatasi ilikwisha kukanwa, sasa alikuwa na ruhusa ya kumpima kila mtu. Kabla ya saa tano alikuwa amewapima wale wagonjwa kumi na wawili. Kumi walikuwa wameandikiwa damu ya mtu mwingine.

Mengineyo

Niliamka bila uvimbe, na nje ya dirisha nchi ilikuwa na matatizo.

Sahihi ya bandia ilikuwa jambo jipya kwetu, na Kamati haikujua pa kuanzia. Mwishowe iliamua kuilinganisha na sahihi zangu nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu iundwe, Kamati ilihakiki kitu kwa macho yake. Ilichukua mihtasari ya miaka ishirini na miwili, ikaitandaza ukumbini, ikatambaa juu yake kwa magoti ikiwa na miwani ya kukuzia. Ikagundua kwamba sahihi zote zinafanana kabisa na ile ya bandia. Kwa hiyo zote zilikuwa bandia, na yote yaliyoandikwa juu yake hayakutokea.

Tangazo lilisomwa redioni kwa utulivu. Daraja halikujengwa, jambo ambalo halikumshangaza mtu wa eneo lile. Waraka Namba Sita haukutoka. Waziri hakuapishwa; kwa mujibu wa kumbukumbu halali za mwisho, alikuwa bado makamu mkuu wa shule ya wasichana, na shule ikaandika barua ya upole kuuliza amekuwa wapi. Profesa Mhandisi Ndimbo alikuta si Mwenyekiti, na alipoangalia vizuri, akakuta hakuwa Profesa. Mvua za mwaka juzi, kwa kuwa niliwahi kuzisahau, ndizo peke yake zilizobaki bila kasoro, na wakulima wakapata amani na mahindi yao.

Kusimamishwa kwa Mhakiki nako hakukutokea, wala likizo ya Bi Tunu. Alirudi Jumatatu na kikombe chake, kalenda na feni. Dokta Pembe alisafiri mwenyewe kutoka Mlimboga na flashi mfukoni, na kwa kuwa Ofisi ya Itifaki ilikuwa haijui kama ipo, hakuna aliyemsimamisha. Mhakiki akasoma kifurushi chake, akaandika kwamba sahihi inalingana. Bi Tunu akakisakinisha. Ilichukua dakika nne, na hakuna aliyepiga makofi. Mpishi Abasi Chongwe akarudi kuwa namba moja, na nasikia alipoambiwa aliuliza kama kuna kazi yoyote anatakiwa kufanya.

Kufunga kikao

Mimi sikurudi. Mtu ambaye sahihi yake ni bandia hawezi kuajiriwa na Serikali. Niliambiwa nilete barua inayothibitisha kwamba mimi ni mimi, iwe imetiwa sahihi na mimi. Niliipeleka, wakailinganisha, wakakuta inafanana na za bandia.

Siku moja Bi Tunu alikuja kunijulia hali. Alikaa kwenye kigoda, akanywa chai, akatazama mshono, akasema fundi aliyeshona ni mzuri. Nilimuuliza kama ananilaumu.

"Ulitia sahihi kitu usichokipima," akasema. "Nilikulaumu wiki nzima. Halafu nikasikia habari za wale kumi."

"Hata wale sikuwafanyia mimi. Nilikuwa naogopa kufa."

"Najua. Sista alipima."

Nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu, na safari hii sikutia sahihi chini, kwa sababu ninayo moja tu na kisheria si yangu. Kwa hiyo, msomaji, huna sababu yoyote ya kuniamini. Nenda Hospitali Kuu ukamuulize Sista Anjelista, nenda chumba cha seva ukamuulize Bi Tunu, na wao pia usiwaamini mpaka wakuonyeshe. Na siku ukilazwa wewe kwenye kitanda kile cha magurudumu, ukaona mfuko unatundikwa, usione haya kuuliza kama wamepima au wamejiridhisha.